KIJANA NA SAA YA MKONO: YA ZAMANI AU YA KISASA?



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeufanya usiku na mchana vipokezane, na akatujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu kijana, na wewe dada yangu unayesoma ukurasa huu, najua utajiuliza: katika mwezi wa Qur'ani, habari ya saa za mkono imeingiaje? Nakuomba subira kidogo. Waliosababisha ni vijana wenyewe. Usiku mmoja baada ya tarawehe niliwakuta barazani wanabishana, sauti zimepanda kama ni mambo ya mpira. Mmoja asema saa ya kweli ni ya zamani, ile ya kutia ufunguo waliyovaa wazee. Mwengine asema hayo ni mambo ya makumbusho, saa ni ile mpya ya kifahari, ukinyoosha mkono watu wajue nani amepita. Wakanigeukia: "Maalim, wewe wasemaje?" Nikawaambia nitawajibu siku ya darsa. Jawabu nililowapa ndilo hili, na wewe nakupa.

SAA NI JAMBO LETU

Kwanza ufahamu kwamba Muislamu na saa ni watu wa siku nyingi. Sala zina nyakati zake, funga ina mwanzo na mwisho. Kwa hivyo wazee wetu katika dini walihangaika sana na elimu ya wakati. Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad alimpelekea Charlemagne, mfalme wa Ulaya, zawadi ya saa ya maji, ikafika mwaka 807. Al-Jazari alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, na humo mna ile saa yake mashuhuri yenye umbo la tembo. Kule Damascus, Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, yaani mtu wa kuangalia nyakati za sala, na mnamo mwaka 1371 aliutengenezea msikiti ule saa kubwa ya kivuli cha jua. Na katika Ramadhan ya mwaka 2010 saa ya mnara wa Makka ilianza kufanya kazi, kila uso wake una upana wa mita 43, mtu aiona kutoka mbali.

Tazama kazi ya muwaqqit. Alitengeneza saa ili watu wawahi sala. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Saa ya mkononi yenyewe kwa wanaume ilienea baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, kwa sababu askari vitani hana nafasi ya kuchomoa saa mfukoni kila mara.

ILE YA UFUNGUO NA ILE YA BETRI

Sasa tuingie ndani ya saa. Saa ya ufunguo ina springi iliyokunjwa. Ukitia ufunguo unaikaza. Inapojifungua polepole husukuma magurudumu ya meno, na gurudumu dogo la mizani lacheza huku na huku, aghalabu mara 5 hadi 8 kwa sekunde moja. Huo ndio mlio wa tik-tik unaousikia. Ile otomatiki ni hiyo hiyo, ila ina kipande cha chuma ndani kinachozunguka mkono wako unapotikisika, kikaikaza springi bila ya wewe kujua.

Kisha likaja jambo lililopindua soko lote. Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilitoa mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza kuuzwa madukani yenye kwenda kwa betri na kijiwe cha kwatzi. Iliitwa Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, inakaribia bei ya gari dogo wakati ule. Baada ya miaka michache bei ya saa za namna hiyo ikaporomoka. Saa nyingi za betri za leo zina kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, na ndiyo maana hazikosei sana. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ilibaki na kama theluthi tu yao.

Waswisi wakafanya nini? Upande mmoja, mwaka 1983, wakatoa saa rahisi ya plastiki, Swatch. Upande wa pili wakaigeuza saa ya springi kuwa pambo la kifahari. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara hii inayowagombanisha vijana barazani.

Sasa sikiliza hesabu hii. Saa ya Uswisi iliyopewa cheti rasmi cha usahihi huruhusiwa kupoteza sekunde 4 au kuzidisha sekunde 6 kwa siku. Saa ya Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo mwanafunzi huivaa kwenda shule, hukosea sekunde chache tu kwa wiki. Basi tukubaliane hapa: anayenunua saa ya laki nane au milioni hanunui wakati. Wakati unapatikana kwa bei ya sahani chache za pilau. Ananunua kitu kingine. Kitu gani? Hilo ndilo swali.

UZURI WA SAA YA ZAMANI, NA MITEGO YAKE

Mimi sifichi, nazipenda saa za zamani. Ni ndogo, hazijigambi, nyingi za wanaume zilikuwa na upana wa milimita 34 hadi 36, wakati za siku hizi wafikia 42 na zaidi, kijana mwembamba anaonekana amefunga kisahani mkononi. Pia saa ya zamani yaweza kufunguliwa na fundi, ikasafishwa, ikatiwa oili, ikaendelea miaka mingine. Kutumia kilichopo badala ya kununua kipya kila mwaka ni katika kuepuka israfu.

Lakini ukiingia katika kuzikusanya, fungua macho.

Kwanza, uso wa saa. Wakusanyaji duniani huthamini uso wa asili hata ukiwa umepauka. Uso uliopakwa rangi upya waonekana mzuri machoni, lakini thamani yake imeshuka. Na ziko saa za kuunganishwa, mashine ya saa moja, uso wa nyengine, mkanda wa ya tatu. Anayekuuzia bila kukwambia amekughushi, na wewe ukija kuiuza bila kusema utakuwa umeghushi. Aibu ya bidhaa lazima itajwe.

Pili, ule mwanga wa usiku. Saa nyingi kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu. Radiamu ni sumu ya mionzi, nayo huchukua kiasi cha miaka 1,600 kupungua nusu tu. Mwanga umezima, sumu ipo. Usiifungue saa hiyo nyumbani, usiikwangue, wala usimpe mtoto achezee. Zilizofuata zilitiwa tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Kwa hivyo ukiambiwa saa hii ni ya mwaka 1970, nayo yawaka gizani kama kimulimuli, jua imepakwa upya.

Tatu, maji. Raba za kuzuia maji huoza kwa umri. Wewe una udhu mara tano kwa siku! Saa ya zamani ivue kabla ya kutawadha. Na hata ile mpya isogeze, maana mkanda uliobana huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu wako ukawa na kasoro kwa ajili ya pambo.

Nne, matengenezo. Saa ya springi yataka kusafishwa kila baada ya miaka kadhaa, na mafundi wanaojua wamepungua. Wakati mwengine ufundi unazidi bei ya saa.

Na kwa kuwa tuko katika Ramadhan, niongeze moja. Ziko saa zenye picha ya mwezi. Nyingi zake huhesabu mwezi kuwa siku 29 na nusu kamili. Mwezi wa kweli unazidi hapo kidogo, hivyo saa hukosea siku nzima kila baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kidogo. Usije ukatuletea mandari ya mwezi kutoka mkononi mwako!

SAA MPYA YA KIFAHARI

Haya, na hizi mpya? Tuseme haki. Kioo chake ni kigumu, si rahisi kukwaruzika. Hazipitishi maji. Zina dhamana ya kiwanda. Mtu ambaye Mungu amemruzuku mali ya halali, ametoa zaka, amewatazama wazazi na jamaa, akajinunulia saa nzuri ya chuma, mimi sina cha kumwambia. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Matatizo yako mahali pengine. Utaambiwa: "Saa ni akiba, bei yapanda tu." Utapewa mfano wa saa ya Rolex Daytona ya mchezaji sinema Paul Newman iliyonadiwa New York mwezi wa Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Kweli, iliuzwa. Lakini ile ilikuwa mkononi mwa Paul Newman, haikuwa mkononi mwako. Saa nyingi mpya hupoteza thamani siku unapotoka nazo mlangoni. Hata zile zinazogombaniwa, bei zake za mkono wa pili zilipaa mwaka 2021, kisha zikateremka tangu 2022, na walionunua kwa pupa walibaki wakishika tama. Bei iliyosimama juu ya tamaa ya watu huanguka tamaa ikihama.

Tatizo la pili ni deni. Kijana anachukua mkopo wa simu wenye riba ili avae saa Idi mosi. Sasa mkono umevaa pambo na shingo imevaa kitanzi. Riba hatuihitaji hata kwa jambo la lazima, seuze kwa saa!

La tatu ni feki. Kijana anajua fika ni bandia, anainunua na kuivaa ili adhaniwe tajiri. Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayejionyesha kwa asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Bora saa ya shilingi mia nane iliyo kweli.

HUKUMU YA DHAHABU NA ZAKA

Hili lazima niliseme wazi. Dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu, na ni halali kwa wanawake. Dada zangu, nyinyi hamna neno, ila israfu na kujionyesha. Ndugu zangu wanaume, msidanganyike na majina. Ile inayoitwa dhahabu nyeupe ni dhahabu. Ile ya waridi ni dhahabu iliyochanganywa na shaba. Ikiwa ni karati 18, basi asilimia 75 yake ni dhahabu, rangi yoyote iwayo. Saa iliyopakwa tu, maulamaa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi huangalia kama ikipitishwa motoni kitapatikana kitu cha dhahabu. Hapo muulize sheikh wako, na kuiacha ni salama zaidi. Chuma kipo, na kinapendeza.

Ama zaka, saa ya chuma unayoivaa haina zaka. Lakini ewe mkusanyaji, jiulize nia yako. Ukinunua saa kumi ili uziuze bei ikipanda, hayo si mapenzi tena, ni mali ya biashara, na mwaka ukitimia na nisabu ikafika wazipiga hesabu kwa bei ya soko na kutoa asilimia mbili na nusu. Na mwanamume aliyeweka saa ya dhahabu, dhahabu yake yaingia katika hesabu ya nisabu, ambayo ni takriban gramu 85. Wengi wamelisahau hili, na wanazipangusa saa zao kila jioni.

SAA YA BABA

Nimesema ya vitabu na ya soko, sasa nikueleze yangu, maana sikupenda kukupa nasaha nikajificha nyuma yake.

Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi bandarini Kilindini. Miaka ya sabini alijinyima akanunua Seiko otomatiki, uso wa buluu, mkanda wa chuma. Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo karibu na nambari 4, aligonga kontena. Ramadhan jioni alikuwa akikaa kibarazani, sisi watoto tumemzunguka, na majirani wakipita wauliza: "Mzee, bado ngapi?" Naye hunyoosha mkono, atazame, aseme: "Bado dakika kumi na moja, subirini." Akienda kutawadha huivua, akanipa mimi nimshikie. Naikumbuka ile joto la mkono wake kwenye chuma.

Alifariki mwaka 1994. Mama akanipa saa ile. Mimi nilikuwa kijana, ndiyo nimeanza kazi, nikaiona ya kizee. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Ramadhan, niliingia kwenye duka moja nikaona saa inameta rangi ya dhahabu. Muuzaji akaapa ni ya Uswisi. Nikampa saa ya baba na juu yake shilingi elfu tatu. Nikatoka natembea mkono wangu uko mbele.

Wiki ya tatu rangi ikaanza kutoka, ikaniachia weusi mkononi. Fundi akaifungua, akanionyesha kimashine cha plastiki na betri, akacheka. Nikakimbia dukani kuitaka ya baba. "Ile? Imeshauzwa. Alipita mtu tu."

Mama hakunigombeza. Jioni ile, adhana iko karibu, aliutazama mkono wangu mtupu, akaniuliza: "Sasa tufuturu kwa saa ya nani?" Adhana ilikuwa ikisikika, radio ilikuwepo, hatukuhitaji saa. Lakini mimi sikuweza kuimeza tende ile.

Tangu siku hiyo, wallahi, nikiwa safuni msikitini na mzee mgeni akanipa mkono baada ya sala, macho yangu hushuka kwenye saa yake natafuta mkwaruzo karibu na nambari 4. Sijauona.

BASI UFANYE NINI?

Ndugu yangu, sasa jawabu la vijana wa barazani. Ya zamani au ya kisasa? Nasema: saa nzuri ni ile ambayo hukuipata kwa haramu, haikufanyi umdharau aliyevaa ya plastiki, na adhana ikilia inakuinua. Ikikosa moja kati ya hayo, hata ingekuwa ya mwaka 1930 au imetoka kiwandani jana, imekutia hasarani.

Na nakuomba ufanye mambo matatu kabla ya Idi.

Moja, nenda nyumbani ufungue ile droo. Nyumba nyingi zetu ina saa ya marehemu babu au mzee imelala mle, imesimama. Usiitikise wala usiichokore kwa kisu. Mpelekee fundi unayemuamini. Kisha, kama mwenyewe yu hai, mrudishie mkononi ikiwa inatembea, umuombe akusimulie aliinunuaje. Na kama ni ya mirathi, hakikisha warathi wenzako wameridhia iwe kwako, maana si yako peke yako.

Mbili, ukitamani saa mpya, iweke tamaa hiyo hadi Ramadhan ipite. Ukiitaka bado, na pesa ni zako, nunua kwa kiasi chako. Utastaajabu ni mara ngapi tamaa yenyewe imepotea pamoja na mwezi.

Tatu, kumbuka sura ya Al-Asr, sura ya 103, ina aya tatu tu, sote tumeihifadhi tangu chuoni. Mola ameapa kwa wakati, kisha akatuambia hali ya mwanadamu na nani atasalimika. Siku ya Kiyama tutaulizwa umri tuliumaliza katika nini, na mali tuliipata wapi na tukaitumia vipi. Saa ya mkononi ina maswali yote mawili ndani yake, wakati na mali. Kila ukiitazama, jiulize yote mawili. Hiyo ndiyo kazi ya muwaqqit, na wewe u muwaqqit wa nafsi yako.

Ewe Mola, tubarikie katika umri wetu na mali zetu, warehemu wazazi wetu waliotutangulia, tusamehe amana zao tulizozipoteza kwa ujinga wa ujana, na utukubalie funga zetu na kisimamo chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.